Kisu cha Bluu, Namba 614

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya suruali ya mlinzi wa benki. Nimesogeza cherehani mbali na dirisha, nimeweka beseni chini ya bati linalovuja, halafu nimekaa kuandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Wateja wa mvua ni wa kuhesabu, na mimi nikikaa bure naanza kuwaza.

Na la kuwaza ninalo. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Gia kwa sababu ya malori, yuko chumba cha nyuma tangu Januari, mguu kwenye plasta. Tajiri wake alimpa dereva mwingine funguo kabla hata hajatoka hospitali. Kutwa nzima anacheza gemu la kupigana risasi kwenye kompyuta. Mtu wa miaka thelathini na saba, ana ndevu, anacheza. Nimenyamaza kwa sababu ni mgonjwa na kwa sababu nilimlea mimi.

Leo ameniita nione kitu. Mwezi uliopita alifungua kasha la ndani ya gemu akapata kisu. Si kisu cha kukatia kitunguu, ni picha tu, ila picha hiyo ina vazi lake, skini wanaita, na kuna watu wanalitafuta vazi hilo usiku na mchana. Anasema thamani yake inatosha malipo ya kwanza ya lori dogo, la kwake mwenyewe. Nilidhani vidonge vya maumivu vimempanda kichwani.

Akanieleza taratibu. Visu vya aina hiyo viko maelfu, umbo moja, jina moja. Rangi yake ni ya chuma kilichochomwa moto: bluu, njano na zambarau zimesambaa ovyo, na kila kisu kimepata kipande chake. Nikamwambia, kwa hiyo kuna jora moja kubwa la kitambaa na kila kisu kimekatwa mahali tofauti, na namba ya mchoro inasema tu mkasi ulipita wapi. Akaniangalia vizuri. Akasema kuna watu wamecheza mwaka mzima hawajaelewa hilo. Basi mimi nimekata vitambaa vya maua miaka ishirini na sita. Ua likiangukia katikati ya kifua mteja analipa huku anacheka, likiangukia kwapani ananuna. Kisu cha Gia ni namba 614, na mkasi ulipita kwenye bluu tupu kutoka ncha hadi mpini. Alinipeleka kwenye uwanja wa mazoezi wa gemu, mkono ukainua kisu, skrini yote ikawa bluu. Nilikuwa sijawahi kuona bluu iliyokaa vizuri namna ile.

Kuna mkusanyaji wa mbali ameahidi kukichukua mwisho wa Aprili, maana kampuni ya gemu ina muda wake wa zuio kabla kitu kipya hakijauzwa. Mpaka siku hiyo ni kukilinda tu. Gia husahau, kwa hiyo ameniomba nimwandikie neno lake la siri humu. Nimeliweka kwenye ukurasa wa marehemu mwalimu mkuu, kati ya kiuno na nyonga. Mwizi wa kulitafuta hapo bado hajazaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kola mbili, zipu moja.

Jumamosi, 8 Machi

Gia ana mchumba. Naandika kama nilivyoambiwa, mlangoni, nikiwa na pini mdomoni.

Anaitwa Nukta, hilo ni jina la kwenye gemu, na Gia hamwiti vinginevyo. Wamecheza timu moja miaka minne bila kuonana, sauti tu masikioni. Leo ameshuka basi kutoka mji wa pili, mwendo wa saa mbili, na mwavuli uliovunjika mbavu. Kazi yake ni kutengeneza meno bandia. Mtu anayeishi kwa meno ya uongo, halafu mimi niamini kicheko chake? "Shikamoo, wifi," kabla hata sijatema pini. Nikamwambia mimi bado ni fundi tu, wifi tutaona huko mbele. Gia alicheka akidhani natania.

Miaka minne hawajaonana. Kisu kimepatikana Februari. Machi yuko mlangoni. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini hiyo naweza kuijumlisha.

Na nisiambiwe nina roho mbaya. Yule mke wa kwanza naye alikuwa mcheshi. Gia alikwenda safari ya siku tisa, akarudi akakuta nyumba inatoa mwangwi. Mwanamke alibeba mpaka mapazia, niliyoyashona mimi, pamoja na fimbo zake. Gia alilala kwenye sakafu yangu mwezi mzima bila kusema, nikimlisha kwa kijiko mwanamume mzima. Nilijiapia siku ile kwamba hayo hayatarudi nikiwa hai. Lori hili ndiyo nafasi yake ya pili, na sijaona mtu aliyepewa ya tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mmoja amekuja juu leo, eti nimemshonea sketi ndani nje. Nikamgeuzia kitambaa mbele ya macho yake: rangi ile ile, ndege wale wale, huku na huku. Kitambaa hiki hakina ndani wala nje, mchoro wake umepenya. Akalipa kwa noti moja kubwa. Nikaiinua kwenye mwanga kama ninavyofanya kwa kila mtu, naye akaona nimemdharau, akaondoka amefura. Aende tu. Mwaka juzi nilipewa noti ya bandia na mtu aliyeniita mwanangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nukta amekuja tena. Ameleta kitambaa cha gauni la harusi, maduara makubwa mekundu juu ya rangi ya maziwa, kizuri, siwezi kusema uongo. Wameamua kuoana Mei, kisu kikishauzwa na lori likishapatikana. Umeona mpangilio huo: kwanza kisu, halafu ndoa.

Nilimpima. Anasimama wima, hatikisiki, mteja mzuri. Lakini macho yake hayatulii. Nilipocheka kidogo kwa jambo fulani aliyatazama meno yangu ya juu kama anayepanga bei. Kisha akataka kunisaidia kukata uzi, akachukua mkasi wangu mkubwa bila ruhusa, akaushika kwa mkono wa kushoto, ukatafuna pindo la watu. Nilimnyang'anya. Mkasi huu nimeununua kabla yeye hajaota meno yake mwenyewe.

Jioni aliingia chumba cha nyuma kwa Gia. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa napita na beseni. Alikuwa anapiga picha skrini kwa simu, kisu kikiwa kimejaa hapo. Akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu. Kisha akamuuliza Gia nani mwingine analijua neno la siri. Gia akasema dada peke yake. Nukta akasema, "Vizuri," akafuta jasho. Kwa nini mtu atoe jasho siku ya mvua?

Jumatano, 19 Machi

Gia kliniki. Mvua kubwa, beseni limejaa mara mbili.

Gauni sijaligusa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimesikia kwa masikio yangu. Nukta alikuwa uani chini ya paa la jiko, simu sikioni, amenipa mgongo, nami nilikuwa nachukua mkaa. Alisema, "Yeye asijue kwanza. Mwisho wa mwezi ujao utapata yote, mimi ndiye nitakayemalizia." Aliponiona alikata simu na kunisaidia kubeba mkaa, anatabasamu. Nikatabasamu na mimi. Tulionekana ndugu.

Yeye asijue. Yeye nani, kama si Gia?

Jumapili, 23 Machi

Nilijaribu kumwambia Gia. Nilianza mbali, nikapitia kwa yule wa mapazia, nikafika kwa watu wanaojipendekeza kwa wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, anajikuna ndani ya plasta kwa sindano yangu ya kufumia. Akasema kwamba nimshonee Nukta gauni tu, hayo mengine niyaache. Kwamba Nukta alimsikiliza kila usiku mwezi ule aliokuwa analala sakafuni kwangu. Nilijua alikuwa na vidude masikioni wakati ule. Nilidhani anasikiliza muziki.

Sasa nimepata jipya la kuwaza: alikuwepo tangu zamani zile, akisikiliza. Mtu akiujua udhaifu wako wote miaka minne, anakushika popote anapotaka.

Alhamisi, 27 Machi

Bati la pili limeanza kuvuja. Nimekata mbele ya gauni. Maduara nimeyapanga yakutane kwenye mshono, kwa sababu kazi ni kazi hata kama ni ya adui.

Jumamosi, 29 Machi

Gia alimeza vidonge baada ya chakula akalala. Nukta alikaa kwenye kompyuta, kwenye akaunti ya Gia, saa mbili na nusu. Nilipita mara sita. Nilipoingia na chai alikuwa amefungua kurasa za mipangilio, hizo zenye vidude vya kubofya, anabadilisha. Nikamuuliza anatengeneza nini. Akasema anajiwekea sawa aweze kucheza, vya Gia vinamchanganya. Akarudi kucheza, kidole kinatembea upesi upesi.

Kila kitu nimekiandika na saa yake. Ikifika siku ya kuulizwa nitakuwa na majibu.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Gia amekwenda kliniki na teksi saa tatu. Nilisubiri mpaka ilipokata kona. Nimefungua daftari kwa marehemu mwalimu mkuu, nikaingia chumba cha nyuma, nikawasha mashine. Sijawahi kuigusa tangu ije ndani ya nyumba hii. Neno la siri limekubali mara ya pili. Nikaenda uwanja wa mazoezi kama Gia alivyonionyesha, nikabofya, mkono wa yule askari ukatoka upande wa kushoto wa skrini, ukainua kisu.

Ni cha njano.

Njano chafu, njano ya ukuta wa jiko, na madoa ya zambarau karibu na mpini. Bluu hakuna, labda ukucha mmoja kwenye ncha. Nilikaa pale nikitazama kama mtu aliyerudi na kukuta mapazia hayapo. Niliizima mashine nikaiwasha, njano ile ile. Nikatafuta namba. Namba imeandikwa 614, kama kawaida. Ndipo damu ilinipanda zaidi. Nimenunua vitambaa kwa jumla maisha yangu yote, na nimeona kwa macho yangu wakibandua karatasi ya jora la ghali na kuibandika kwenye jora la rahisi. Namba ni karatasi tu. Mimi naamini rangi, na rangi ya mchoro huu haikuwa ile niliyoonyeshwa.

Kwa hiyo amekibadilisha. Jumamosi, saa mbili na nusu, mimi nikimpelekea chai.

Sikulia. Nilibadilisha neno la siri kwanza, nikaweka jina la mama yetu. Nikachomoa waya wa mtandao. Kisha nikachukua daftari hili chini ya mwavuli mpaka kwa mama wa steshenari, anayeandikia watu barua za Kiingereza. Alitafuta ukurasa wa malalamiko wa kampuni ya gemu. Aliniuliza maswali ya fomu moja moja. Nani ameiba: Nukta, na jina la akaunti yake ninalo, nililiona kwenye skrini. Ametumia akaunti hii siku gani: nikamsomea tarehe na saa kutoka humu. Je, wewe ndiye mwenye akaunti? Mama wa steshenari aliinua macho. Nikamwambia andika ndiyo. Akauliza tena kama nina hakika na yote haya, kwa sababu wale wakishapokea hawarudishi. Nikamwambia nimelea, nimezika, nimejenga, hakika ninayo.

Gia amerudi saa tisa, amefurahi, plasta itatolewa mwezi huu huu. Nimempikia. Amesema mtandao haupo. Nimemwambia mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijamwambia. Nataka awepo mwenyewe, aliyekiiba, waonane macho kwa macho.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua, na uongo wangu juu yake. Gia anagonga gonga mashine. Kesho.

Jumamosi, 5 Aprili

Nukta alifika saa sita, amelowa. Alileta mkate. Sikumpa hata taulo.

Nilimwambia asimame pale pale mlangoni, nikampa vidonge vyake vyote bila maji. Nikaanza na jasho la tarehe kumi na tano, namba kwenye kiganja, simu ya uani, saa mbili na nusu za Jumamosi, nikisoma kwenye daftari ili nisiruke neno. Nikamwambia ameigeuza huruma ya mgonjwa kuwa duka. Nikamwita mwizi. Maji yalimtiririka kutoka kwenye nywele, naye alikuwa ameushika ule mkate kwa mikono miwili.

Gia alitokea na magongo, anauliza kuna nini. Nikasema njoo uone kisu chako. Nikachomeka waya, nikaandika jina la mama, nikawapeleka uwanja wa mazoezi mwenyewe, maana sasa naijua njia. Mkono ukatoka kushoto. Njano.

"Haya," nikasema. "Bluu iko wapi?"

Gia aliitazama skrini, akamtazama Nukta, akanitazama mimi. Akanyoosha kidole akabonyeza kitufe kimoja. Mkono ukahama kutoka kushoto kwenda kulia, kisu kikageuka nao, na bluu ikajaa chumba chote, kutoka ncha hadi mpini, kama siku ile ya kwanza.

"Kisu kina pande mbili, dada," akasema. "Huu ndio wa bei. Ule wa pili huwa hauna kitu, hata kwenye kisu bora duniani. Nukta ni mashoto. Akicheza hapa anahamishia mkono kushoto, na mimi sina haja ya kurudisha."

Nilisema kitu, sijui nini, nadhani nilisema kitambaa. Kwamba kitambaa changu ni kimoja pande zote. Na mimi nilikuwa nimeuona ule mkasi ukitafuna. Fundi wa miaka ishirini na sita, mtu anaushika mkasi wa mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto mbele yangu, nami nikaona mwizi.

Ilinibidi niwaambie kuhusu barua. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, simu ya Nukta ikalia mlio mdogo. Akasoma. Akaketi kitandani kwa Gia, akampa simu asome. Kisha akanyanyuka, akaweka mkate juu ya cherehani yangu, akatoka kwenye mvua na ule mwavuli wenye mbavu zilizovunjika.

Jumatatu, 7 Aprili

Jibu la kampuni kwa akaunti ya Gia nalo limekuja. Mama wa steshenari amenisomea pole pole. Wamechunguza, kisu hakijawahi kutoka kwenye akaunti ile. Ila malalamiko yenyewe yamekiri kwamba akaunti imetumiwa na mtu asiye mwenyewe, na wamegundua kwamba aliyeandika si mwenyewe pia. Ni marufuku kuazimana. Akaunti ya Gia na ya Nukta zimefungwa zote mbili zisiuze, zisinunue, zisitoe wala kupokea zawadi. Kucheza ruksa. Nikauliza mpaka lini. Akasoma tena mstari ule, akasema hapana mwisho.

Gia hajapiga kelele. Ningependa apige. Amenieleza kwa sauti ya chini yale niliyokuwa siyajui. Nukta ana glavu na bunduki za miaka kumi na moja humo, mkusanyiko wake wote. Alikuwa anauza kimya kimya aongezee pesa ya lori, ili lisiwe dogo. Simu ya uani alikuwa anaongea na mwenye lori. Picha na namba zilikuwa za kumtumia mkusanyaji apandishe bei, na aliuliza neno la siri linajulikana na nani kwa sababu anajua watu wanavyoibiwa. Jasho alikuwa na homa siku ile, akaja hivyo hivyo.

Yote hayo niliyaona. Niliyaandika na saa zake.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama wa steshenari ameandika barua ya kuomba radhi, ameitoza nusu bei. Nimekiri kila kitu, mpaka jina la mama yetu.

Jumanne, 15 Aprili

Wamejibu mistari miwili. Hapana.

Jumatano, 16 Aprili

Barua nyingine.

Jumanne, 22 Aprili

Hapana. Mkusanyaji amepata kisu kingine kwa mtu mwingine. Mvua haikunyesha leo, ikanifanya nikose cha kulaumu.

Jumamosi, 26 Aprili

Plasta imetoka jana. Mguu wake mwembamba, mweupe mweupe, nimeuona nikakumbuka alipokuwa anajifunza kutembea akiushika upindo wa gauni langu. Leo amefunga begi. Anakwenda mji wa pili. Maabara ya meno anakofanya kazi Nukta ina gari dogo la kusambaza kazi kwa madaktari, wamemchukua kuliendesha. Si lori, na si lake.

Nilimuuliza kama Nukta amenisamehe. Akasema hajamuuliza. Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake, isimtokee tena kama kwa yule wa mapazia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Yule aliponiibia nilikuja kwako," akasema. "Sasa hivi nije kwa nani?"

Aliniachia kompyuta, eti nzito kwa basi. Nilimsindikiza mpaka kona. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine una gongo.

Ijumaa, 2 Mei

Nimefumua gauni lote. Nilikuwa nimepanga maduara yakutane mbele tu, mgongoni nikayaacha yajikalie, nikijiambia mgongo ni mgongo. Sasa nimenunua mita mbili za ziada kwa pesa yangu na kukata mgongo upya.

Jumanne, 6 Mei

Harusi imefanyika Jumamosi iliyopita kwa msajili, mashahidi wawili kutoka maabara. Gia amenitumia ujumbe mfupi baada ya siku tatu. Nukta alivaa nini, sijauliza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeshona mpaka mwisho. Hata ndani nimezungushia utepe kila mshono, mahali ambapo hakuna atakayeangalia. Nimetuma ujumbe kwamba gauni liko tayari. Hakuna jibu.

Jumatatu, 12 Mei

Kukavu. Nimeanua mabeseni.

Nimewasha ile mashine leo mchana nilipomaliza kazi. Nimekiangalia kisu. Nikabonyeza kile kitufe, njano. Nikabonyeza tena, bluu. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Ni changu sasa kuliko kilivyowahi kuwa cha mtu yeyote, na hakitoki tena humo.

Jumamosi, 17 Mei

Nukta amekuja peke yake, basi la asubuhi. Nilikuwa nafagia matope yaliyokauka mlangoni, nikamwona anavuka barabara, nikaingia ndani haraka nijifanye nina kazi.

Alinisalimia kama alivyonisalimia siku zote, kwa heshima, ila aliishia kwenye shikamoo. Nilimpa gauni. Hakulijaribu. Aliligeuza ndani nje kwanza, akapitisha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kila mshono, pole pole, akaona utepe. Akaligeuza tena, akaangalia mgongo, maduara yalivyokutana. Alikaa nalo hapo. Ana jicho, huyu. Ndiyo kazi yake kuona kama kitu kimekaa sawa na kingine. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Aprili. Nilimwambia nilikosea, na kwamba kosa si la kisu, ni langu, nilikuwa nimeshamhukumu kabla hajafunga mwavuli. Nikamwomba anisamehe.

Alisema amesikia. Alisema Gia anaendelea vizuri, mguu unamuuma jioni tu. Kisha akafungua pochi.

Nikasema hapana, hili silipishwi, hili ni la… nikakwama. Neno lililofuata ni wifi, na mimi ndiye niliyelikataa mlangoni pale pale.

Aliweka noti mezani, bei ile ile niliyomtajia Machi, senti haikupungua wala kuzidi. Nilikuwa na machozi tayari, sikuwa naona vizuri. Nilichukua noti ya juu. Na mkono wangu huu, bila kuniuliza, ukaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Niliushusha upesi, lakini alikuwa ameshaona. Alilikunja gauni, akaliweka kwenye mfuko, akaning'iniza mfuko begani.

"Ni halali, fundi," akasema, na akaenda kuwahi basi.